Kabla ya kuvuka mpaka, kitabu cha mtoto hukaguliwa mezani

DAR ES SALAAM. Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Namanga au Mutukula anaijua saa ile ya kusubiri: mzigo umefunguliwa, afisa anapekua, mwenye mali yuko kimya. Waandishi wa riwaya za watoto nao wana saa yao. Ni ile ya uhakiki wa miswada kwenye warsha.

Utaratibu ni rahisi kuueleza, mgumu kuuvumilia. Mwandishi hugawa sura moja au mbili mapema. Siku ikifika, mhariri na waandishi wenzake husema walichokiona, naye hunyamaza na kuandika. Hapewi nafasi ya kufafanua alichokusudia, kwa sababu mtoto atakayenunuliwa kitabu hicho Busia au Kigoma hatakuwa na mwandishi pembeni wa kumwuliza.

Makosa yanayotajwa hujirudia. La kwanza ni mahubiri: hadithi inasimama ili mzazi au mwalimu atoe nasaha. La pili ni mtu mzima kutokea mwishoni na kumtatulia mtoto shida yote. La tatu ni umri, maana msomaji wa miaka 8 hasomi sentensi ya msomaji wa miaka 12.

La nne linawagusa wanaouza pande zote mbili za mpaka: msamiati. Mhusika akipanda matatu, mtoto wa Nairobi ameshaliona gari. Wa Mwanza amezoea daladala. Neno si lazima lifutwe. Sentensi inayofuata ikionyesha kondakta anaita abiria, mtoto wa Mwanza naye atakuwa amepanda. Neno "bodaboda" lenyewe linahusishwa na waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani Busia, na leo halihitaji mkalimani.

Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada umewafunza waandishi, wachoraji na wachapishaji, na kununua sehemu ya nakala zilizochapishwa ili zigawiwe shuleni.

Si kila ushauri wa mezani hufuatwa. Mmoja atataka sura ya kwanza ifupishwe, mwingine irefushwe. Wahariri wazoefu huangalia mahali, si dawa: wasomaji watatu wakijikwaa ukurasa uleule, pana shimo hapo, hata kama kila mmoja analiziba kivyake.

Wapo wanaoondoka na muswada uliojaa kalamu nyekundu wasiufungue tena. Wapo pia wanaoikwepa meza na kwenda moja kwa moja kwa mchapaji na akiba yao. Nakala 500 zikishatoka na kosa, hasara huanzia kwa mwandishi na kuishia kwa muuzaji. Kitabu ambacho mtoto hakukimaliza hakimrudishi mzazi dukani kuulizia cha pili.

Kwa anayeagiza vitabu vya watoto, kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulipa: nani aliuhariri muswada, na je, ulisomwa na watoto wa umri ulioandikwa kwenye jalada? Jibu likiwa la kusitasita, chukua nakala moja, msomee mtoto kurasa tatu kwa sauti, kisha ufunge kitabu. Akiuliza "halafu ikawaje?", agiza katoni.