Pikipiki Ikizimika Njiani, Ifuate Petroli Kuanzia Tangini

Mkulima mmoja wa skimu ya Mwakirunge aliondoka shambani alfajiri na pikipiki yake ya magurudumu matatu, imejaa madafu na maembe ya kupeleka soko la Kongowea. Hakufika mbali. Injini ilikohoa, ikaishiwa nguvu, ikazimika. Alingoja kidogo, akapiga stata, ikawaka. Baada ya mwendo mfupi ikazimika tena. Alipofika sokoni jua limekwisha kupanda, wanunuzi wa jumla wamejaza magari yao, na maembe yakauzwa kwa bei ya kutupa. Juma lile alinunua plagi mpya, kisha koili, na ugonjwa haukupona. Mwishowe ilionekana kwamba kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi kilizibwa na udongo. Dawa yake ilikuwa maji, kitambaa na njiti.

Wengi wetu tumepoteza fedha kwa njia hii, kwa kubahatisha. Yafaa kila mwenye pikipiki, tuktuk ya mizigo au pampu ya maji ya petroli ajue njia ambayo petroli hupita, ili aifuate hatua kwa hatua.

Njia ya petroli

Katika pikipiki nyingi zenye kabureta hakuna pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake: hutoka tangini, hupita kwenye koki, kisha chujio, kisha mpira, ikaingia ndani ya kabureta. Humo mna bakuli dogo lenye boya, kama boya la tangi la maji. Bakuli likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka bakulini petroli hunyonywa kupitia tundu jembamba sana liitwalo jeti, ikachanganyika na hewa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli hutaka hewa sehemu 15 hivi. Basi punje moja ya mchanga katika jeti yatosha kuharibu kipimo hicho.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta zina pampu ndani ya tangi na huongozwa kwa umeme. Hizo usizifungue, mpelekee fundi anayezijua.

Je, kosa ni la petroli?

Injini inayokatika ghafula, kama taa iliyozimwa, mara nyingi ina kosa la umeme. Inayodhoofika polepole, ikirukaruka kabla ya kuzimika, mara nyingi imekosa petroli. Jaribu kuvuta choki kidogo injini ikiwa moto: ikipata nafuu, ujue petroli inayofika ni haba. Kisha fungua plagi baada ya kupiga stata mara kadhaa. Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, pengine imezidi, au cheche hakuna.

Tahadhari kabla ya kufungua

Zima injini, ngoja ipoe, kisha isukume mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka ukutane na moto usiouona. Usijaribu cheche ya plagi huku petroli iko wazi. Wala usinyonye petroli kwa mdomo: ikiingia mapafuni yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi.

Hatua za kufuata

1. Tazama tangi na koki. Je, petroli imo? Koki imefunguliwa? Ikiwa petroli ni kidogo, geuza koki kwenye akiba. Kumbuka kwamba ukipanda mlima, petroli kidogo yaweza kukimbilia upande wa pili wa tangi, mbali na tundu la koki.

2. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa sauti, na injini ikafanya kazi vizuri kifuniko kikiwa kimelegezwa, kitundu cha hewa kimeziba. Petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii kushika nafasi yake. Safisha kitundu, kisha ukifunge kifuniko sawasawa.

3. Chomoa mpira penye kabureta, ulenge mdomo wake katika chupa ya kioo, ufungue koki. Petroli yapasa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone tone, kosa liko juu: koki, chujio au mpira uliokunjika. Badili chujio lililochafuka. Halina bei kubwa.

4. Ikiwa mpira watoa petroli vizuri, urudishe, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli. Pasipotoka kitu, sindano imekwama. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi huachia. Kinyume chake, petroli ikichuruzika nje bila kukoma, uchafu umezuia sindano isizibe, au boya limetoboka.

5. Ikiwa bakuli limejaa na injini bado ni dhaifu, jeti imeziba. Ifungue, uioshe kwa petroli safi, uipulize kwa pampu ya baiskeli, kisha uitazame kwenye mwanga wa jua. Usiichokoe kwa waya! Waya hulipanua tundu, na tangu siku hiyo injini itakula petroli kupita kiasi.

Pikipiki ikiwa ilianguka, huenda petroli imefurika ndani ya injini. Funga koki, rudisha choki, ngoja dakika chache, kisha piga stata huku umefungua mafuta yote.

Petroli mbaya

Chupa ile ya kioo ina faida nyingine. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini, nawe utauona mstari unaoyatenga. Katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu, tangi lililo nusu tupu hukusanya maji usiku na kuota kutu ndani. Afadhali ulijaze kabla ya kuliacha siku nyingi.

Ukishuku mafuta ya taa, tia tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila alama. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Mchezo huu si mgeni. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi kuwavunja moyo wachanganyaji. Petroli ya chupa kando ya njia ni ya karibu, lakini hujui ilikotoka. Ukiuziwa iliyochanganywa, peleka habari kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli.

Tena, petroli iliyokaa miezi miwili mitatu huharibika na kuacha utomvu katika jeti. Pampu ya maji isiyotumika wakati wa masika imwagwe petroli yote, tangini na bakulini pia.

Mambo ya kukumbuka

Funga koki kila jioni. Safisha kifuniko cha tangi kila Jumamosi. Chukua safarini bisibisi, spana ya plagi, kitambaa safi na chujio moja la akiba. Injini ikizimika, usikimbilie duka la vipuri. Anza tangini ushuke chini, wala usiruke hatua. Haraka haraka haina baraka, na embe lililoiva halimngoji mtu.