Je, Wajua? Hewa ya Nairobi Huchelewa Kupoza Laptopu

Mitaa ya Umoja, Kayole na Buruburu jijini Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo katika chumba chenye joto sawa feni ileile hubeba joto pungufu. Anayeongezea kadi ya grafiki kasi kwa programu ya MSI Afterburner asilisahau hilo. Laptopu nyingi hupoza kadi na prosesa kwa mabomba yaleyale. Joto likizidi, kadi hujipunguzia kasi yenyewe na mchezo hukwamakwama. Kwanza toa vumbi kwenye feni. Kisha ongeza megahezi 25 tu, cheza nusu saa, tazama nyuzi joto. Skrini ikitoa madoadoa, rudisha kasi ya awali. Na tafadhali, usichezee kitandani: blanketi huziba matundu ya hewa.