Korodani Iliyojificha
Sisi askari wa Bujumbura hukagua bunduki kila siku, lakini mtoto wa kiume aliyezaliwa jana Buyenzi twaona haya kumkagua. Kati ya wavulana 100 waliotimiza miezi tumboni, kama 3 huzaliwa korodani haijashuka. Nyingi hushuka zenyewe kabla ya miezi 6. Inayobaki tumboni huharibiwa na joto la mwili. Yaweza hata kuota saratani. Mwaka 1976 Cortesi wa Italia alitumia darubini nyembamba kuitafuta. Leo madaktari huishusha pia, kwa vitundu vichache tu, bila kupasua tumbo zima. Ifanywe kabla ya miezi 18. Wengine hugunduliwa siku ya kupimwa waandikishwe jeshini, wakiwa wamechelewa mno.