Kila Tumbaku na Kiko Chake

Wazee wa visiwa hivi walikijua kiko kwa viungo vyake: kifuu cha nazi chenye maji, bori la kuwekea tumbaku na moto, digali la kupitishia moshi hadi majini, na mdakale wa kuvutia. Mlio wa maji hayo waliuita malio. Kiko kama hicho kikianza kunuka, maji humwagwa yakatiwa mengine.

Kiko cha mti hakina dawa nyepesi hivyo. Aghalabu huchongwa kutokana na kifundo kigumu cha mti uitwao Erica arborea, uotao kandokando ya Bahari ya Mediterania. Mti huo hustahimili moto, lakini una vitundu vidogo mno vinavyonywa mafuta ya tumbaku, na masizi hugandamana ndani yake tabaka juu ya tabaka. Mvutaji akitia humo tumbaku ya Latakia, ambayo hukaushwa kwa moshi wa vichaka na miti yenye kunukia katika kisiwa cha Kupro, na zamani huko Syria pia, kisha kesho akatia tumbaku tamu, ataionja ile ya jana. Tumbaku ya mvuke ya Tabora na tumbaku ya moshi ya Ruvuma nazo zimeachana vivyo hivyo. Ndiyo sababu wavutaji wazoefu hutenga kiko kwa kila jinsi ya tumbaku.

Hatuyasemi haya ili kumshawishi mtu avute. Tumbaku huua, na Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa kuidhibiti uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2003. Tulitakalo ni funzo lililomo katika desturi ile, kwani gunia nalo hushika harufu kama kiko.

Mkulima wa karafuu hupanda mtini kwa hatari, akachuma, akatenga makonyo, akaanika juani kwa siku kadhaa huku akiichunga mvua. Jasho lote hilo laweza kupotea iwapo karafuu zitatiwa katika gunia lililobeba papa au kulowa mafuta ya taa. Mnunuzi hapimi jasho, hunusa. Mchele nao ukitiwa katika gunia la karafuu, mlaji hujua kabla ya kuonja.

Yafaa basi wananchi watenge magunia ya karafuu na kuyatia alama, yasitumike kwa kazi nyingine. Wakuu wa maghala na bandari nao, hawana budi kuhakikisha kuwa karafuu na samaki wakavu havilazwi chumba kimoja wala havipakiwi pamoja chomboni. Jambo hili halidai fedha nyingi; ladai uangalizi. Mvutaji akichanganya tumbaku huharibu starehe yake peke yake, lakini ghala likichanganya mizigo huharibu riziki ya kijiji kizima.