Anayefungua tovuti aitwe nani?

Tovuti nyingi humwita anayezifungua «mtumiaji». Wikipedia ya Kiswahili hutumia neno hilo hata kwa wanaoandika makala zake. Mwaka 2012, Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, alitangaza kwamba kampuni yake nyingine, Square, itaacha neno hilo na kusema «wateja», akiona kwamba halionyeshi mtu halisi.

Lakini mteja hununua. Mkaaji wa Goma anayelipia mega ili ajue kama barabara iko salama, kwenye tovuti ya habari anatafuta ukweli. «Mgeni» ni jina la heshima, ila anayerudi kila asubuhi si mgeni tena. Hapo «msomaji» ndilo linalofaa: humkumbusha mwandishi kwamba kuna mtu atakayeamua safari yake kwa habari hiyo.