Kabla Mbogi Ipande Jimny ya Magadi, Cheki Spea Kwanza

Form ni Magadi. Mbogi imechanga, nyama imenunuliwa, na mmekodi Jimny moja noma sana. Imeinuliwa, tairi nne kubwa, mpya, picha za kutosha. Lakini kuna tairi ya tano imening'inia kwa mlango wa nyuma ndani ya kava, na hakuna msee ameiangalia.

Hapo ndipo shida huanzia. Wenye magari wengi wakiweka tairi kubwa hununua nne tu. Ya tano ni doo, na spea si iko hapo tayari? So gari inatembea na saizi moja, inabeba saizi ingine. Utajua hiyo maneno siku pancha itakupata katikati ya mawe, jua kali, simu haishiki.

Saizi inasema aje

Jimny nyingi za ile shape ya zamani, iliyotengenezwa mpaka 2018, zilitoka na tairi za 205/70R15. Wasee wakitaka kuinua gari hupenda 215/75R15. Kwa karatasi zinakaa karibu sawa. Sasa piga hesabu.

Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi, kwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ukijumlisha, tairi ya zamani ina kimo cha karibu sentimita 67, kubwa ina kama 70. Ile ndogo lazima izunguke karibu mara 24 zaidi kila kilomita. Ukitembea kilomita 100 kurudi Nairobi, hiyo ni mizunguko kama 2,400 ya ziada, upande mmoja tu.

Nani analipa hiyo deni?

Difu. Ile boli ya chuma katikati ya ekseli. Kazi yake ni kuruhusu tairi ya nje kuzunguka haraka kuliko ya ndani ukikata kona. Kona huisha, difu inapumzika. Lakini ukiweka tairi moja ndogo nyuma, difu inadhani uko kona kutoka Magadi mpaka Kiserian. Gia ndogo za ndani zinasagana bila kupumzika, oili inapata moto. Kilomita chache haitakuua. Safari nzima kwa spidi ya lami ni kutafuta balaa.

Ukiweka 4H ndio mbaya zaidi. Jimny ikiwa kwa 4H, mbele na nyuma zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Kwa mchanga tairi huteleza kidogo na presha inaisha. Kwa lami hakuna kuteleza, so presha yote inaingia kwa transfa na shafti. Utasikia usukani mzito, gari inavuta kama imefungwa kamba. Ukikaza, kitu itavunjika.

Pancha ikikupata, fanya hivi

Kwa Jimny, Hilux ya kawaida, ama gari yoyote inayosukumwa na tairi za nyuma ukiwa 2H, weka spea ndogo mbele. Mbele kwa 2H tairi zinafuata tu, hazisukumi. Kama pancha ni ya nyuma, toa tairi nzima ya mbele uipeleke nyuma, halafu spea ikae mbele. Ndio, ni kupiga jeki mara mbili kwa jua. Bado ni rahisi kuliko difu. Ziba tairi zingine na mawe kabla ya kuinua gari.

Baadaye, kaa 2H ukiwa kwa lami. Shusha spidi, usipite 80. Ukifinya breki shika usukani vizuri, juu gari itavuta upande mmoja. Taa ya ABS ikiwaka kwa dashibodi, usishtuke, ni kwa sababu tairi moja inazunguka tofauti. Kama gari ina loki ya difu, usiiguse. Ukifika kwa msee wa kwanza wa pancha, simama.

Watu wa Subaru, nyinyi mko na story yenu. Hiyo gari husukuma tairi zote nne kila wakati, so hakuna mahali pa kuficha spea ndogo. Subaru nyingi za automatic za zamani zina sehemu ya fyuzi imeandikwa FWD. Ukiweka fyuzi hapo, nyuma inaachiliwa mpaka urudishe tairi ya kawaida. Cheki kitabu cha gari kabla ya safari, si ukiwa kando ya barabara.

Dakika tano kabla ya kutoka

Toa kava. Linganisha namba za spea na za tairi zingine. Angalia zile digiti nne ziko kwa duara ndogo kando: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya 2019. Spea inaweza kuwa na meno yote na bado mpira umekauka na kupasuka kwa jua. Pima hewa. Jaribu nati pia, juu nati za rimu ya aloi zinaweza kukataa kukaa kwa rimu ya chuma.

Kama gari ni ya kukodi, fanya hii kabla ya kusaini na upige picha ya spea. Difu ikilia mkirudi, mwenye gari hatauliza nani aliweka tairi kubwa. Atauliza nani alikuwa anaendesha, na depositi yenu iko kwake.

Na kama gari ni yako, nunua tano. Doo ikikataa, ngoja mwezi mmoja ununue zote pamoja. Hizo za zamani bado zitakufikisha Magadi na kukurudisha.