Tovuti ya kijiji: Ni wakati gani wa kumwajiri mtaalamu wa programu?

Msafiri atokaye mjini Lamu kwenda Siyu, Faza au Kizingitini aghalabu hushukia Mtangawanda, gati lililo upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate, kisha akaendelea na safari kwa gari au pikipiki. Saa ya kuwasili kwake haiamuliwi na nahodha peke yake. Mlango wa Mkanda, ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, ni mwembamba na kina chake ni kifupi. Maji yakipwa, vyombo vikubwa hulazimika kusubiri. Na kwa kuwa maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku kuliko siku iliyotangulia, mashua iliyong'oa nanga saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu huenda isiweze kufanya hivyo saa iyo hiyo ifikapo Ijumaa.

Mahali pa namna hii watu huulizana habari kila siku. Mashua ya leo yaondoka saa ngapi? Nani amefariki, na maziko ni lini? Mchango wa madrasa umefika kiasi gani? Si ajabu basi wazo la kuwa na tovuti ya kijiji likazuka barazani. Tuseme wakazi wa Mtangawanda wameketi na kuazimia kuianzisha. Yamkini hoja ya kwanza kikaoni itakuwa kumtafuta mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka Mombasa au Nairobi, na ya pili itakuwa kuchanga fedha za kumlipa. Makala haya yanadai kwamba hoja hizo, ingawa zina nia njema, zimekuja mapema mno.

Chanzo cha kosa ni kuchanganya kazi zisizofanana. Yupo mtu anayesajili jina la tovuti, akakodi nafasi katika seva na kupanga kurasa. Huyu hahitaji kujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Yupo anayeipamba kwa rangi na picha. Kisha yupo mtaalamu wa programu, ambaye kazi yake hasa ni kuiandikia kompyuta maagizo mapya, ili ifanye jambo ambalo hakuna programu iliyokwisha kuandikwa inayolifanya. Huyu wa mwisho ndiye mwenye ujira mkubwa zaidi, naye ndiye anayekimbiliwa kwanza. Ni sawa na mwenye magunia mawili ya nazi kwenda Matondoni kuwaagiza mafundi wamuundie jahazi, ilhali angeomba nafasi katika jahazi la mwenzake.

Majahazi ya kuazima yapo tele. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti inayotolewa bila malipo, ipo tangu mwaka 2003. Mnamo Septemba 2005, mpigapicha wa magazeti wa Tanzania, Muhidin Issa Michuzi, akiwa Helsinki nchini Finland, alianza kuweka picha na habari zake mtandaoni kwa kutumia huduma ya Blogger, mali ya Google. Programu ilikuwa tayari. Yeye alileta picha na habari. Katika miaka iliyofuata ukurasa huo ukawa baraza la Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni, pa kutangaziana misiba, harusi na mengineyo.

Hata kamusi elezo ya Wikipedia ilianza kwa kuazima. Ilipozinduliwa Januari 2001 ilitumia programu iitwayo UseModWiki, ambayo haikuandikwa kwa ajili yake. Makala na wachangiaji walipoongezeka hadi programu hiyo ikaelemewa, ndipo mwezi Januari 2002 nafasi yake ikachukuliwa na programu mpya iliyoandikwa na Magnus Manske wa Ujerumani, mmoja wa wachangiaji wenyewe. Kwa muda wa mwaka mzima wahusika walikuwa wamejifunza, kwa kutumia na kukwama, ni kitu gani hasa walichokihitaji. Mtaalamu angeitwa siku ya kwanza angejenga kwa kubahatisha.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na wenye uchungu, ni ule wa Ushahidi. Matokeo ya uchaguzi wa urais wa Desemba 27, 2007 yalipotangazwa siku ya Desemba 30, ghasia zilizuka sehemu nyingi za Kenya, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa na ukurasa wake mtandaoni uitwao Kenyan Pundit, akawaomba wasomaji wamwandikie yaliyokuwa yakitukia walikokuwa. Habari zikamjia nyingi kupita kiasi. Kuzisoma, kuzichuja na kuzipachika moja moja ni kazi ambayo mtu mmoja hangeiweza, hata angekesha.

Jambo jingine likadhihirika. Habari zile, ingawa kila moja ilikuwa na msiba wake, zilikuwa na umbo moja: mahali, siku na tukio. Kitu chenye umbo moja, kinachojirudia mara nyingi, ndicho chakula cha programu. Januari 3, 2008 Okolloh alitoa wito kwa wataalamu wajitokeze wamsaidie kuzionyesha habari hizo kwenye ramani. Erik Hersman aliuitikia, Juliana Rotich akawa miongoni mwa waasisi, na David Kobia, Mkenya mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Marekani, akaiandika programu yenyewe kwa siku chache tu. Kabla ya katikati ya mwezi huo tovuti ilikuwa ikipokea ripoti.

Inafaa kuutazama mpangilio wa mambo. Watu walikuwa wakituma habari kabla programu haijakuwapo. Mwenye kuzipokea alikuwa amekwisha kulemewa na alijua ni wapi panapomlemea. Isitoshe, mtaalamu hakuandika kila kitu: ramani zilikuwa za Google, naye akaandika kile tu kilichokosekana. Baadaye programu ya Ushahidi ilitolewa bila malipo kwa yeyote aitakaye, na ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Kwa hivyo kijiji kitakachotaka kuonyesha visima vyake au mikoko iliyokatwa kwenye ramani hakina haja ya kulipia kuandikwa upya kwa kitu kilichopo.

Sasa turudi gatini. Wengi wangedhani kwamba ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji ndiyo kazi ya mtaalamu, kwa vile ina hesabu ngumu. Sivyo. Hesabu hiyo, inayofuata mwendo wa mwezi na jua, hukokotolewa mapema, na majedwali yake huchapishwa. Katibu mwenye subira aweza kunakili saa za mwezi mzima kwa jioni moja, akatia alama siku za bamvua na siku za maji mafu. Kumlipa mtu aandike programu ya kuokoa jioni moja kwa mwezi ni anasa.

Habari ya kwamba mashua ya leo imeahirishwa kwa sababu ya upepo wa kusi nayo haihitaji programu, lakini kwa sababu nyingine. Hakuna kompyuta itakayoijua. Anayeijua ni mtu aliyesimama gatini akiwa na simu, na asipopatikana mtu huyo kila siku, tovuti haitafaa kitu hata ingeandikwa na bingwa wa dunia. Naam, tukiri pia kwamba kwa habari za saa hii kundi la WhatsApp latosha. Faida ya tovuti ni kwamba yaliyoandikwa hukaa, yakatafutika, na yakaonekana na mtu asiyemjua yeyote wa kumwingiza kundini: mgeni anayetaka kufika Pate, au mjukuu aliyezaliwa Muscat.

Penye michango ndipo mambo yanapobadilika. Watu 40 wakichangia ujenzi wa madrasa, daftari moja lamaliza kazi. Wakifika 300, walioko Lamu, Mombasa na ng'ambo, kila mmoja akituma kiasi chake kila mwezi, mhazini atalinganisha ujumbe wa simu na majina hadi usiku wa manane, na siku atakayokosea ataitwa mwizi. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua rasmi njia iliyoipa jina la Daraja, ambayo kwayo programu ya mtu mwingine yaweza kupokea taarifa za malipo moja kwa moja. Kuiunganisha tovuti na njia hiyo ni kazi halisi ya mtaalamu. Neno likikosewa katika tangazo la harusi watu hucheka. Sifuri ikipotea katika hesabu ya mchango, kijiji hugawanyika.

Sheria nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyoanza kutumika Novemba 2019, humtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Orodha ya mayatima wanaolipiwa karo, yenye majina na nambari za simu za walezi wao, si kitu cha kuachwa wazi mtandaoni kwa sababu aliyeipanga tovuti hakujua kuifunga.

Kamati itajuaje kwamba wakati umefika? Njia rahisi ni daftari. Kwa miezi mitatu, katibu na mhazini waandike kila kazi ya tovuti wanayoifanya na muda inaowachukua. Mwishoni wataona kazi zipi zinajirudia kwa umbo lile lile na zipi zinawamaliza. Kisha waulize kama ipo programu iliyokwisha kuandikwa ya kuifanya kazi hiyo. Maswali hayo hayana gharama; katika kituo kama Swahilipot Hub mjini Mombasa wamo vijana wa fani hiyo. Ikiwa jibu ni hapana, na kosa katika kazi hiyo lina hasara kubwa, basi mtaalamu aitwe bila kusitasita. Daftari lenyewe litakuwa maelezo bora ya kazi kuliko hotuba yoyote ya kamati.

Kuchelewa nako kuna hasara zake, na haifai kuificha. Wenye kujitolea huchoka, wakaacha bila kuaga. Kumbukumbu nazo huharibika: mtu mmoja ameandikwa Mohamed mwezi huu, Muhammad mwezi ujao, na Mohammed mwezi wa tatu. Mhazini anajua kwamba ni mtu yule yule, mwana wa fulani. Kompyuta itahesabu watu watatu. Kulisafisha daftari la miaka mitano la namna hiyo kwaweza kugharimu zaidi ya programu yenyewe, na ni afadhali kazi hiyo ifanywe na wenyeji wanaowajua wahusika kuliko na mgeni anayelipwa kwa siku.

Wapo watakaosema kwamba yupo kijana wa kwetu anayesomea kompyuta chuoni, atatufanyia bure. Huenda akafanya vizuri sana. Tatizo huja akipata kazi Nairobi au Doha, ameondoka na maneno ya siri, na jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lake. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC na ni lazima yalipiwe upya muda wake unapokwisha. Anayepata ilani ya malipo ni yule aliyeandikishwa. Akibadilisha anwani, tovuti hutoweka na hakuna kijijini ajuaye sababu. Awe wa kulipwa au wa kujitolea, jina lisajiliwe kwa kikundi, maneno ya siri yawe kwa watu wawili, na makubaliano ya maandishi yaseme kwamba programu na kumbukumbu zote ni za kijiji. Malipo nayo yafuate hatua za kazi, yabakizwe kiasi hadi programu itumike mwezi mmoja na watu wenyewe.

Majaribio nayo yasifanyiwe ofisini penye mtandao wa kasi. Mtaalamu na aje Mtangawanda, asimame gatini na simu ya bei nafuu, anunue kifurushi kama wanunuavyo wengine, aone ukurasa wake wafunguka kwa muda gani. Wengi hupunguza picha na mapambo mara baada ya jaribio hilo.

Na kabla ya malipo ya mwisho, akae kando huku katibu, bila ya kusaidiwa, akiirudisha tovuti nzima kutoka katika nakala ya akiba. Akishindwa, kazi haijakwisha.